Kijani cha Nani?

Mama alinipigia simu siku moja ya Desemba, saa sita mchana, na nje kulikuwa na kiza cha magharibi. Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei ninakofanyia kazi, hulipoteza jua mwishoni mwa Novemba na kulipata tena katikati ya Januari. Nilikuwa nimekaa mezani, taa inawaka, natazama Julai kwenye kompyuta: Julai ya 1987, Julai ya 1999, Julai ya 2018, zote za uwanda mmoja wa Finnmark ambao mpaka siku ile nilikuwa sijaukanyaga.

"Hivi huko unafanya kazi gani hasa, mwanangu?"

Ameniuliza mara nyingi, na kila mara nimemjibu kwa namna yake. Siku ile nilichagua njia fupi. "Nahesabu kijani, Mama. Naangalia picha zinazopigwa kutoka angani, naona kama mimea ya huku inaongezeka au inapungua."

"Na inaongezeka?"

"Inaongezeka."

"Alhamdulillahi," akasema, na akahamia kwenye habari za harusi ya binamu yangu.

Sikumsahihisha. Kwa mtu wa Kondoa, nchi ikiwa kijani unashukuru. Sijui jibu jingine ambalo angeweza kulitoa. Lakini mimi nilikuwa nalipwa ili niwaeleze watu kwamba kijani hiki ni kama uso wa mgonjwa wa homa, unaong'aa kwa sababu mwili unawaka. Nilipokata simu nikajiuliza nani amenipa mamlaka ya kusema hivyo. Mama hajaiona Finnmark. Mimi pia nilikuwa sijaiona. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi nilikuwa na picha.

Swali hilo limenikaa tangu siku ile. Mtu anayeiona nchi kutoka juu, bila kuikanyaga, ana haki gani ya kusema kinachotokea huko ni chema au kibaya? Na akishasema, nani anaweza kumhoji?

Niseme kwanza kazi yenyewe inavyofanyika, maana swali limejificha humo. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu, kwa kuwa linautumia kutengeneza chakula chake. Papo hapo hurudisha mwanga wa infraredi, ulio jirani na mwekundu lakini jicho la binadamu haliuoni. Setilaiti inaona yote miwili. Chukua infraredi iliyorudi, toa nyekundu iliyorudi, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili: utapata namba iliyo kati ya hasi moja na moja. Maji na theluji huangukia karibu na sifuri au chini yake, mwamba mtupu huwa juu yake kidogo, na kichaka kilichonawiri huweza kufika 0.7 au 0.8. Tunaiita kipimo cha ukijani. Hakikuambii mmea ni upi, wala nani anaula.

Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu 1972, na tangu 1982 pikseli moja, yaani kijumba kimoja cha picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ndani ya mraba huo unaweza kujenga nyumba, jiko la nje, zizi, na ukabakiwa na ua. Mwaka 2008 hazina yote ya picha hizo ilifunguliwa bure kwa kila mtu, ndiyo maana mtoto wa Kondoa anaweza leo kuketi chumbani na kuhukumu miaka arobaini ya nchi ya watu wengine. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zimeupunguza mraba hadi mita 10. Droni, ikiruka chini ya mita 120 zinazoruhusiwa Ulaya, hukupa pikseli ya sentimita chache. Hapo unaona kichaka kimoja kimoja na kivuli chake.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications hesabu ya maeneo kama 50,000 yaliyochaguliwa bila upendeleo kote kwenye tundra, ile nchi isiyo na miti inayoizunguka Bahari ya Aktiki. Walitumia picha za Landsat za 1985 hadi 2016. Kama asilimia 37 ya maeneo yalikuwa yameongeza ukijani. Kama asilimia 5 yalikuwa yamegeuka kahawia. Yaliyobaki hayakuonyesha mwelekeo. Sababu kubwa ni joto: tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Wanaoongezeka zaidi ni vichaka. Kuna betula fupi isiyofika magotini, na kuna mierebi. Jina la mierebi nililijua kwanza kwenye Biblia ya jirani yetu Mkristo. Sikuwahi kudhani nitakuja kuipima. Vichaka hivi hunasa theluji wakati wa baridi, na theluji nene ni blanketi: udongo chini yake haupoi kama ulivyozoea. Matawi yanayochomoza juu ya theluji wakati wa machipuo ni meusi, hunyonya jua ambalo theluji tupu ingelirudisha. Na chini ya sehemu kubwa ya Aktiki kuna ardhi iliyoganda mwaka hadi mwaka, yenye kaboni karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini kijani kinatutia hofu, majibu ninayo.

Majibu hayo nilikuwa nayo hata kabla ya kujifunza kutojiamini. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilichora mchoro uliopanda ghafla kuanzia 2013. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Msimamizi wangu aliutazama kidogo, akauliza swali moja: "Landsat 8 ilirushwa lini?" Ilirushwa Februari 2013. Vipimo vyake haviko sawasawa na vya Landsat 7. Ukiziunganisha bila kuzilinganisha kwanza, kijani kinapanda ilhali hakuna jani lililoota. Nusu ya habari yangu kubwa ilikuwa habari ya chombo. Nilisahihisha, mchoro ukashuka ukawa mteremko wa kawaida, na nikaapa kwamba sitadanganywa tena. Nilidhani udanganyifu wote unakaa ndani ya vyombo.

Mwaka wangu wa pili, ofisi moja iliomba ramani kwa ajili ya mkutano kuhusu matumizi ya ardhi katika uwanda ule wa Finnmark. Nilipaka kijani mahali palipoongezeka na kahawia mahali palipopungua. Sikufikiri hata dakika moja. Ndivyo karibu kila mtu afanyavyo. Jibu lilirudi kesho yake, la kirafiki kabisa. Walishukuru. Waliongeza kwamba imewafurahisha kuona malisho yanaongezeka, maana hilo linapunguza wasiwasi kuhusu eneo linalofikiriwa kuchukuliwa.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Neno malisho halikuwa limetoka kwangu. Mimi niliandika uoto. Lakini rangi niliichagua mimi, na rangi ile ilikuwa imesema malisho kwa sauti kubwa kuliko maneno yangu.

Inabidi nieleze malisho ya huko ni nini. Wasami wa Finnmark hufuga reindia, mnyama wa jamii ya kulungu. Kiangazi wengi huwapeleka pwani, kwenye majani mabichi. Majira ya baridi huwarudisha kwenye uwanda wa ndani, na huko chakula kikuu cha mnyama ni laikeni: kiumbe ambacho ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, chenye rangi ya weupe wa maziwa yaliyochacha, kilichotanda ardhini kama sufu. Reindia huchimba theluji kwa kwato na kuifikia. Laikeni hukua milimita chache tu kwa mwaka. Zulia lake likiharibika, huenda lisirudi kabla mtoto aliyezaliwa leo hajawa mtu mzima.

Sasa, laikeni si kijani. Kwenye kipimo chetu iko chini, haiko mbali sana na mawe. Betula ikiota juu yake, ikaifunika kwa kivuli na kuitupia majani makavu kila mwaka, laikeni hufifia na kipimo hupanda. Kompyuta huandika ongezeko. Mfugaji aliyefika hapo Januari akiwa na mamia ya wanyama wenye njaa angeandika neno jingine.

Wafugaji hawa wana historia na picha za juu. Ramani za laikeni zilizochorwa kwa setilaiti tangu miaka ya 1980 zimekuwa sehemu ya ubishi mrefu kuhusu idadi ya reindia wa Finnmark: wangapi ni wengi mno, na nani aamue. Mfugaji kijana, Jovsset Ánte Sara, aliagizwa kupunguza kundi lake hadi wanyama 75. Akasema kwa idadi hiyo hawezi kuishi kwa ufugaji, akaenda mahakamani, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Norwei ikaamua dhidi yake. Dada yake, Máret Ánne Sara, ambaye ni msanii, alitundika mbele ya Bunge mjini Oslo pazia lililofumwa kwa mafuvu 400 ya reindia. Kwetu husema macho hayana pazia: hakuna wa kukuzuia kutazama. Nilipoona picha ya pazia lile nilifikiri kwamba kuna watu wamelazimika kulitengeneza wenyewe, kwa mifupa.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2021, mahakama hiyohiyo iliamua upande mwingine katika kesi ya Fosen. Vibali vya mitambo ya umeme wa upepo iliyojengwa kwenye malisho ya baridi, ilisema, vilivunja haki ya Wasami kuendeleza utamaduni wao. Umeme wa upepo huitwa nishati ya kijani. Wanaharakati wa Kisami wana jina lao kwa yaliyowapata: ukoloni wa kijani. Msimamo wa mtu kuhusu kesi hizi unaweza kuwa wowote. Mimi mwenyewe sina uhakika idadi sahihi ya reindia ni ipi. Lakini nilishtuka kwamba neno moja, ambalo mama yangu hulipokea kwa shukrani, linaweza kuwa ndilo linalotumika kumwambia mtu aondoke.

Sikupaswa kushtuka. Nimezaliwa ndani ya habari hiyo.

Babu yangu alikuwa na ng'ombe Kondoa. Nchi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko. Makorongo yake yalikuwa na kina cha kumeza nyumba, na picha zake ziliwashtua watu walioziona mbali sana na hapo. Mwaka 1979 amri ilitoka kwamba mifugo yote, karibu 90,000, iondoke katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Babu aliswaga wanyama wake kwenda kwa jamaa nje ya mpaka, akauza waliobaki, na akarudi mtu asiye na ng'ombe. Kwa mzee wa wakati ule hiyo ilikuwa sawa na kurudi bila jina.

Kisha nchi ikapona. Hilo lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu ni kweli. Majani yalirudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Baadaye ng'ombe wachache wa kulishwa zizini waliruhusiwa. Mama alikua akicheza chini ya miti ambayo Babu katika ujana wake hakuwahi kuiona mahali pale. Ukiwa na picha za setilaiti za Kondoa za miaka ile na za sasa, hutahitaji msimamizi kukueleza mwelekeo.

Babu hakukana kwamba nchi imepona. Aliishi hapo, macho alikuwa nayo. Alichosema, akiwa amekaa kwenye kigoda chake jioni, tena na tena mpaka tukaacha kusikia, ni hiki: "Kijani hiki nimekilipia mimi." Nilikuwa mtoto, nikadhani ni malalamiko ya mzee. Leo nadhani ilikuwa ni maelezo ambayo ramani yoyote ya Kondoa ilipaswa kuwa nayo pembeni, kwa maandishi madogo: kilichoongezeka, na aliyelipa.

Mwanzoni mwa Agosti iliyofuata nilikwenda Finnmark. Tulikuwa watatu, na droni mbili, betri tulizozilaza kwenye mifuko ya kulalia ili zisipoteze nguvu kwa baridi ya usiku, na mbu wengi kuliko niliowahi kuwaona Tanzania. Kila kabla ya kurusha droni unaipiga picha sahani ya kijivu yenye mrejesho wa mwanga unaojulikana, ili baadaye ujue mwanga wa saa ile ulikuwaje. Halafu droni inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima kwa matuta, na kila picha inaipanda kidogo iliyotangulia. Kisha unapiga magoti, unaweka fremu ya mraba ardhini, unachoma sindano ndefu sehemu moja baada ya nyingine, na kuandika kila kinachoguswa: jani la betula, jani la mrebi, laikeni, udongo, jani lililokufa. Hiyo ya magotini ndiyo inayochosha. Ndiyo pia inayokuambia picha ilikuwa inasema nini.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja kwa pikipiki ya magurudumu manne. Alikuwa akikarabati kibanda chake kwa ajili ya majira ya baridi na alikuwa amesikia mlio. Nilimwamkia kwa Kinorwei changu cha kuungaunga. Nilitegemea atatufukuza. Aliitazama droni, akasema mpwa wake anayo nzuri zaidi, anaitumia kutafuta wanyama waliopotea. Kisha akaniuliza nimelala pale mara ngapi.

"Mara mbili," nikasema. "Leo itakuwa ya tatu."

"Na wakati wa baridi?"

"Bado."

Hakucheka wala hakukunja uso. Nyumbani tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nilihisi kwamba, kwa lugha yake, ndicho alichokuwa ameniambia. Nilimwonyesha ramani yangu kwenye kompyuta ndogo. Aliitambua nchi haraka kuliko nilivyotarajia. Akaonyesha kwa kidole njia ya wanyama ambayo mimi nilidhani ni kijito kilichokauka. Nikamwonyesha mahali tulipokuwa tumesimama. Palikuwa na kijani kikali kuliko pote.

Aliinama, akakitenga kichaka cha betula kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta kupe kwenye manyoya. Chini yake kulikuwa na majani makavu ya mwaka jana, na chini ya majani vipande vya laikeni, vyembamba, vimeanza kuwa vyeusi. "Jeagil," akasema. Ni jina la Kisami la laikeni wanayoila reindia. Akakiachia kichaka, nacho kikarudi mahali pake, kijani kabisa.

Nilidhani sasa ataniambia kichaka ni adui. Nilikuwa hata nimeshaandaa sura ya huzuni. Badala yake alisema reindia wa pwani wanakula majani yake vizuri kiangazi, na wanyama wakipita kwa wingi huku wakila, vichaka havipati nafasi ya kurefuka. Akasema hana ugomvi na kichaka. Ugomvi wake ni na mtu anayehesabu kichaka na kusema chakula kipo, bila kuuliza chakula cha mwezi gani.

Kabla ya kuondoka aliuliza picha tulizopiga zitaonwa na nani. Nikamwambia kwa fahari kwamba zitawekwa wazi, yeyote duniani ataweza kuzipakua. Kwetu sisi watafiti hilo ni jema, ni kinyume cha kuficha. Alinyamaza kidogo.

"Sijakuambia usipige," alisema. "Nimeuliza nani ataona." Akawasha pikipiki yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa maneno niliyolelewa nayo. Katika lugha yetu dalili ni kitu kimoja na ushahidi ni kingine. Mawingu ni dalili ya mvua. Unyayo ni dalili ya mnyama. Dalili haiulizwi maswali. Inasomwa, na kila msomaji huisoma kwa njaa yake. Ushahidi hutolewa na shahidi, na shahidi ni mtu. Alikuwepo. Ana jina. Anaweza kuulizwa ulisimama wapi, ulikuwa na uhasama na nani, uliona au uliambiwa. Akisema uongo kuna wa kumshika. Picha ya setilaiti, hata ikiwa safi namna gani, ni dalili. Mimi nilikuwa nimeituma ofisini kama ushahidi, bila shahidi yeyote aliyesimama pembeni yake.

Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu hapo ni rahisi mno. Ningeweza kusema basi tuzime setilaiti tuwasikilize wazee, na ningepigiwa makofi. Mzee yule anaijua nchi yake. Haijui ya Siberia, wala ile ya Kanada. Bila macho ya juu, kila mmoja angesema kwetu kumebadilika, na wenye viwanda wangejibu kwamba ni hadithi za vijijini. Zile asilimia 37 ndizo zinazogeuza hadithi elfu moja kuwa hoja moja. Na kuna mahali hakuna mwenyeji wa kuulizwa. Kwenye Rasi ya Antaktiki eneo lenye mimea, ambayo karibu yote ni ile midogo laini inayotanda juu ya mawe, lilikuwa chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 1986. Kufikia 2021 lilikuwa limekaribia kilomita 12. Hakuna babu aliyekaa kwenye kigoda huko. Bila picha tusingejua.

Tena wenyeji nao hukosea. Ningekuwa mwongo nikisema makorongo ya Kondoa yalikuwa njama ya wapiga picha. Nimeyaona yaliyobaki. Babu alimpenda ng'ombe kuliko alivyoliogopa korongo, na upendo nao una upofu wake.

Kwa hiyo sidhani kwamba kuona kutoka mbali ni dhambi, au kwamba aliye karibu ndiye mwenye haki siku zote. Nadhani kosa lipo katika hatua moja ndogo, ambayo niliipita bila kuiona: pale kipimo kinapogeuka kuwa hukumu. Namba ilisema mwanga mwekundu mwingi zaidi unanyonywa hapa kuliko 1987. Hiyo ni kweli, na itabaki kweli. Rangi ya kijani ilisema jambo zuri linatokea hapa. Hayo ni maneno ya aina nyingine, yanahitaji mtu wa kuyajibia, na yanahitaji kuulizwa zuri kwa nani, la mwezi gani, na nani amelipa. Hata wenzangu tunaosema kijani hiki ni homa tunafanya hukumu ileile kwa upande wa pili. Huenda tuko sahihi. Lakini hatuisomi kwenye pikseli. Tunaileta wenyewe, na inafaa tukiri kwamba tumeileta.

Niliporudi Tromsø nilichora ramani upya. Niliondoa kijani na kahawia, nikatumia zambarau na rangi ya chungwa, rangi ambazo hakuna anayezishukuru wala kuziogopa. Mahali ambapo droni na zile siku za magotini zilituonyesha laikeni imefunikwa, niliweka alama yake. Pembeni niliandika kwamba ongezeko la majani si ongezeko la malisho ya baridi, na kwamba katika maeneo fulani ni kinyume chake. Nilituma, pamoja na barua ya kueleza kosa langu la mwanzo. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la kirafiki kama lile la kwanza. Walishukuru. Mkutano ulikuwa umeshafanyika mwezi Juni.

Sijui ramani yangu ya kwanza ilisukuma nini katika mkutano ule. Pengine haikusukuma chochote. Pengine ilikuwa picha moja kati ya arobaini, watu wakiwa na njaa ya chakula cha mchana. Lakini sina njia ya kuirudisha, na aliyelala kwenye uwanda ule wakati wa baridi hakuwa ndani ya chumba kile kwa niaba ya maneno yangu.

Juzi nilimpigia Mama. Nikamsimulia kisa chote, polepole, kwa sababu sasa nilikuwa na muda na nilikuwa nimepata maneno. Nilimweleza kuhusu kichaka, na laikeni chini yake, na wanyama wanaochimba theluji. Nilimwambia kwamba siku ile aliposema alhamdulillahi nilinyamaza, na kwamba nilikosea kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Babu yako angemwelewa mzee huyo," alisema. Halafu akauliza, kama vile ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza: "Sasa hiyo ramani yako mpya, wenyewe umewaonyesha? Wanasemaje?"

Nilikuwa sijawaonyesha. Niliituma ofisini. Nilimwambia Mama kwamba majira ya baridi yakifika nitaipeleka mwenyewe, na nitalala huko.